Kasa, Minyoo na Hukumu za Haraka

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo ni ya kweli, na mwanafunzi wa elimu ya viumbe hana sababu ya kuibishia. Hata hivyo yafaa isomwe kwa makini. Wahenga walisema kuwa kimlacho mtu kimo nguoni mwake; hawakusema kwamba kila kilichomo nguoni humla. Tofauti hiyo ya maneno ni ndogo, lakini katika sayansi ni kubwa mno, na kuipuuza kumeleta makosa mengi katika kuwafahamu wanyama wa porini na wa baharini pamoja na vimelea wao.

Katika shule za sekondari somo la vimelea hufundishwa kwa kawaida kama orodha ya maadui. Mwanafunzi hujifunza habari za mchango, safura, tegu, matende na kichocho. Hujifunza namna kila mnyoo aingiavyo mwilini, madhara aletayo, na njia za kumzuia. Hapana ubaya katika mafundisho hayo, kwani afya ya watu yadai hivyo. Lakini mwanafunzi aliyemaliza somo hilo huondoka na kanuni ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha waziwazi: kwamba akionekana mnyoo ndani ya mnyama aliyekufa, basi mnyoo huyo ndiye aliyemwua. Makala haya yanadai kuwa kanuni hiyo ni potofu, kwamba madhara yake si ya darasani peke yake, na kwamba kasa wa baharini ni mfano mwema wa kuisahihishia.

Kasa na wageni wake

Kasa ni mtambaazi wa baharini, jamaa ya kobe wa nchi kavu. Hupumua kwa mapafu, na jike hupanda ufukweni kutaga mayai mchangani. Duniani ziko aina saba za kasa, na tano kati ya hizo huonekana katika maji ya Afrika Mashariki. Watagao zaidi katika pwani hiyo ni wa aina mbili: kasa wa kawaida, ambaye wanasayansi humwita Chelonia mydas, na ng'amba, ambaye magamba yake yalitafutwa tangu kale kwa kutengenezea mapambo.

Kasa wa kawaida akiwa mchanga huelea katika bahari kuu na kula viumbe wadogo wa namna nyingi. Akikua kiasi huhamia karibu na mwambao, na huko chakula chake kikubwa huwa nyasi za baharini na mwani. Huchukua miongo miwili au zaidi kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Mnyama aishiye muda mrefu hivyo, alaye kutwa na kusafiri mbali, hawezi kukosa wageni mwilini mwake.

Wageni hao ni wengi. Ndani ya utumbo wa kasa wa kawaida hupatikana minyoo bapa wa jamii mbalimbali, na si ajabu kuwakuta kwa mamia ndani ya kasa mmoja. Tumboni mwa aina kadhaa za kasa huishi mnyoo wa duara aitwaye Sulcascaris sulcata, ambaye viluwiluwi wake hukaa kwanza ndani ya chaza na viumbe wengine wenye makombe. Kasa humpata kwa kuwala viumbe hao. Juu ya ngozi, hasa shingoni na kwenye mashina ya mapezi, hung'ang'ania ruba wadogo wanyonyao damu. Na ndani ya moyo na mishipa mikubwa ya damu huishi minyoo bapa wengine, wenye urefu wa milimita chache tu. Hao wa mwisho ndio wanaostahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu ndio wanaoshukiwa zaidi, na kwa sababu wana udugu na mnyoo ambaye kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki humjua kwa jina.

Ndugu wa kichocho

Mwaka 1851, mjini Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz alikuta minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti aliyokuwa akiichunguza. Hao walikuja kujulikana kuwa ndio waletao kichocho. Miaka 11 baadaye, mwaka 1862, daktari Arthur Leared kutoka Ireland alieleza mnyoo mwingine aliyemkuta ndani ya moyo wa kasa. Jina la daktari huyo limebaki hata leo katika jina la mnyoo mmojawapo wa damu ya kasa, Learedius learedi.

Minyoo hao wa aina mbili wanafanana kwa mambo mengi. Wote huishi ndani ya mishipa ya damu. Wote hutaga mayai ambayo sharti yapenye katika nyama za mwili ili yafike nje. Yai likifika majini hutoa kiluwiluwi anayeogelea kumtafuta konokono. Ndani ya konokono huyo kiluwiluwi huongezeka, kisha hutoka viluwiluwi wengi wa namna nyingine, ambao hupenya ngozi ya mwenyeji wao mkubwa, na mzunguko huanza upya. Tofauti zipo pia. Minyoo wa kichocho wamegawanyika kuwa dume na jike, ilhali kila mnyoo wa damu ya kasa ana viungo vya kiume na vya kike pamoja. Kichocho huambukizwa katika mito, mabwawa na maziwa ya maji baridi; minyoo wa damu ya kasa mzunguko wao hukamilika baharini. Mwaka 2004 mlinganisho wa chembe za urithi ulionyesha kwamba minyoo wa damu ya kasa wa baharini wana udugu wa karibu zaidi na minyoo wa kichocho kuliko walio nao na minyoo wa damu ya kobe wa maji baridi. Kwa hiyo amchunguzaye mnyoo wa kasa huchunguza pia sehemu ya asili ya kichocho.

Katika kichocho, wanafunzi hufundishwa kwamba madhara makubwa hayaletwi na mnyoo mkubwa mwenyewe. Huletwa na mayai yake yaliyonaswa katika kuta za kibofu, katika utumbo au katika ini. Mwili huyazingira mayai hayo kwa chembe za ulinzi, na hapo hutokea vinundu na makovu. Kwa kasa mambo huwa hivyo hivyo. Mayai husambazwa na damu hata kufika kwenye mapafu, wengu, ini, utumbo na ubongo, na vinundu huota kuyazunguka. Isitoshe, minyoo wenyewe huweza kuzifanya kuta za mishipa ya damu kuwa nene na kusababisha damu kuganda ndani yake.

Yeyote asomaye maelezo hayo aweza kudhani kwamba kesi imekwisha: mnyoo yumo moyoni, mayai yamo ubongoni, na kasa amekufa. Ushahidi gani zaidi watakiwa? Jibu lapatikana katika kazi iliyofanywa na wataalamu wa Australia.

Mizoga 96 ya Queensland

Mwaka 1998 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa kasa wa kawaida 96 waliokwama ufukweni kusini mashariki mwa jimbo la Queensland. Kila mzoga ulipasuliwa na kuchunguzwa kwa utaratibu. Minyoo wa damu walionekana kwa macho katika asilimia 45 ya kasa hao. Katika asilimia 53 nyingine minyoo wenyewe hawakuonekana, lakini yalikutwa mayai yao au makovu yao katika mishipa na nyama. Yaani karibu kila kasa, 98 katika kila 100, alikuwa na alama ya mnyoo.

Kama kanuni ile ya darasani ingekuwa sahihi, wachunguzi wangeandika kwamba karibu kasa wote wale waliuawa na minyoo. Hawakuandika hivyo. Waliangalia ukubwa wa madhara katika kila kiungo, wakatafuta na sababu nyingine, ndipo wakaamua. Katika kasa 10 waliona kuwa minyoo ndio sababu kuu ya kifo. Katika kasa 29 wengine minyoo walikuwa tatizo kubwa mojawapo miongoni mwa matatizo kadhaa. Kwa waliosalia, walio zaidi ya nusu, mnyoo alikuwamo au alikuwa amepita, lakini hakuhesabiwa kuwa sababu kubwa ya kifo.

Hesabu hiyo yafaa kuandikwa ubaoni katika kila darasa la elimu ya viumbe. Anayesema "mnyoo yumo, basi mnyoo ndiye aliyeua" angepatia katika kasa 10 na kukosea, kwa kiasi kidogo au kikubwa, katika wengine wote. Kuwamo kwa mnyoo kulikuwa jambo la kawaida; kuua kwake kulikuwa jambo la nadra zaidi. Mambo hayo mawili hupimwa kwa vipimo viwili tofauti, na anayechukua kipimo cha kwanza akakitumia badala ya cha pili hajafanya uchunguzi.

Liko somo jingine katika hesabu hiyo. Kasa wale 96 walikuwa kasa waliokwama, yaani wagonjwa na wafu. Hawakuchaguliwa bila upendeleo kutoka miongoni mwa kasa wote wa bahari ile. Kwa hiyo asilimia 98 haiwezi kutumiwa kueleza ni kasa wazima wangapi walio na minyoo. Mwanafunzi aelewaye kwa nini haiwezi kutumiwa hivyo amejifunza jambo litakalomfaa katika kusoma takwimu yoyote, iwe ya kasa, ya mimea au ya wagonjwa wa hospitali.

Kosa la upande wa pili

Akishaonyeshwa kosa la kwanza, mwanafunzi mwepesi wa kufikiri huweza kukimbilia kosa la pili, nalo ni kusema kwamba minyoo wa wanyama wa porini hawana madhara, kwamba kila kitu porini kimo katika mizani yake, na kwamba binadamu hana haja ya kujishughulisha nao. Hayo nayo si kweli. Kasa 10 wa Queensland walikufa hasa kwa sababu ya minyoo. Mnyama aliyeganda damu katika mshipa mkubwa hafarijiki kwa kuambiwa habari za mizani.

Ukweli ni mgumu zaidi kuliko kauli zote mbili. Mnyoo yule yule huweza kuwa mgeni avumilikaye ndani ya kasa mwenye nguvu na kuwa mzigo wa kuangamiza ndani ya kasa aliyedhoofika. Kasa huweza kudhoofika kwa njaa, kwa jeraha la chombo cha majini, kwa plastiki iliyoziba utumbo, au kwa uvimbe wa ngozi uletwao na virusi. Mara nyingi huwa vigumu kujua lipi lilitangulia: je, mnyoo alimdhoofisha kasa, au kasa aliyekwisha kudhoofika alishindwa kuwazuia minyoo? Kuviona vitu viwili pamoja hakutoshi kuonyesha kipi kimezaa kingine.

Mfano wa ugumu huo ulitokea kusini mwa Florida, nchini Marekani, katika majira ya baridi ya mwaka 2000 na 2001. Makumi ya kasa wa aina ya Caretta caretta, wenye vichwa vikubwa, walikutwa wakiwa wamelegea na kupooza. Baadhi yao walikuwa na minyoo wa damu katika ubongo na mishipa ya fahamu. Ilikuwa rahisi kufunga jalada hapo. Wachunguzi hawakulifunga, kwa kuwa dalili zile zingeweza pia kuletwa na sumu kutoka katika chakula cha kasa, na ushahidi waliokuwa nao haukutosha kumtwika mnyoo lawama yote. Hiyo ndiyo desturi njema ya sayansi: kusema kiasi ambacho ushahidi unaruhusu, na kuishia hapo.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Msomaji aweza kuuliza: hata kama hukumu dhidi ya mnyoo ni ya haraka, mnyoo hana heshima ya kupoteza, nani basi ameumia? Aumiaye ni kasa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kasa wengi hufa kwa mikono ya watu. Hunaswa katika nyavu za jarife zilizotegwa kwa ajili ya papa na taa, na kwa kuwa hupumua kwa mapafu, akizuiliwa chini ya maji hufa kwa kukosa hewa. Mayai yake huchimbuliwa na nyama yake huliwa, ijapokuwa sheria za Tanzania na Kenya humlinda. Sasa ukisukumwa ufukweni mzoga wa kasa, na mtu akaupasua na kuona minyoo, kisha akaandika katika daftari kwamba kasa amekufa kwa minyoo, wavu huwa umesamehewa. Kasa aliyezama wavuni naye huwa na minyoo, kama karibu wenzake wote. Kumbukumbu za vifo zikijazwa kwa mtindo huo kwa miaka mingi, watunga sheria watasoma kwamba tatizo la kasa ni maradhi, na fedha zitaelekezwa kwenye dawa wakati tatizo liko kwenye nyavu.

Na dawa zenyewe hazina nafasi kubwa baharini. Ni kweli kwamba prazikwanteli, dawa ile ile inayotumika kutibu kichocho kwa watu, imejaribiwa kwa kasa na ikawaua minyoo wa damu. Ni kweli pia kwamba kasa mgonjwa aliyewekwa katika kituo cha matibabu hustahili kutibiwa. Lakini kasa aliyeponywa akirudishwa baharini hurudi kwenye konokono wale wale. Katika mapambano dhidi ya kichocho, huko Unguja na Pemba katika miaka ya 2010, vijito na mabwawa fulani yalitiwa dawa ya kuua konokono, na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu maji yale yalikuwa na mipaka. Bahari haina mipaka ya namna hiyo, na mtu atakayewaza kuua konokono wa mwamba mzima ili kumwokoa kasa atakuwa ameangamiza mengi kwa ajili ya faida isiyopatikana.

Mahali ambapo elimu ya mzunguko wa mnyoo ilileta faida ya wazi ni ndani ya matangi. Mjini Valencia, nchini Uhispania, ilibainika kwamba kasa waliokuwa wakitibiwa katika kituo walikuwa wakiambukizwa minyoo wa damu humo humo kituoni. Konokono waliohusika walikuwa wa jamii ambayo gamba lao hukua kama mrija uliogandamana na mwamba au ukuta. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2017 ilieleza kwa mara ya kwanza, kwa uhakika kamili, mzunguko wa maisha wa mnyoo mmoja wa damu ya kasa wa baharini. Walipojulikana wenyeji wao wadogo, ikawezekana kuwadhibiti.

Yafaa kulinganisha miaka. Minyoo wa kichocho walionekana mwaka 1851. Konokono wa kichocho cha Asia alitambuliwa na Wajapani Miyairi na Suzuki mwaka 1913, na wale wa kichocho cha Afrika walithibitishwa na Mwingereza Robert Leiper nchini Misri mwaka 1915. Mnyoo wa moyo wa kasa alielezwa mwaka 1862, lakini mzunguko wa kwanza wa jamaa yake ulithibitishwa mwaka 2017, yaani miaka 155 baadaye. Kwa minyoo walio wengi wa damu ya kasa bado ipo kazi ya kufanywa. Konokono wenye magamba ya mrija wapo pia katika miamba ya Bahari ya Hindi. Mwanafunzi wa leo mwenye subira na hadubini aweza kuwa mtafiti wa kesho atakayelijibu swali hilo kwa upande wa Afrika Mashariki.

Mnyoo kama shahidi

Kuna sababu nyingine ya kutomhukumu mnyoo haraka: akisikilizwa, husema mengi. Mnyoo mwenye mzunguko wa hatua kadhaa hawezi kuwapo mahali ambapo mmoja wa wenyeji wake hayupo. Kasa mwenye Sulcascaris amekula viumbe wenye makombe. Kasa mwenye minyoo wa damu amekaa katika maji yenye konokono wafaao. Kasa huvuka mipaka ya nchi bila hati ya kusafiria: wapo watagao Shelisheli na Komoro na kula katika mwambao wa Tanzania na Kenya. Minyoo waliomo ndani yao waweza kusaidia kueleza wamepita wapi na wamekula nini, kama vile matope ya viatu yanavyoweza kueleza njia aliyopita msafiri.

Aidha, baadhi ya minyoo hao hawaishi katika mnyama mwingine yeyote isipokuwa kasa. Kasa akitoweka, nao hutoweka. Wako watakaosema kwamba hiyo ni hasara ndogo. Lakini mnyoo aliyeishi ndani ya damu ya kasa kwa vizazi visivyohesabika amejifunza namna ya kuukwepa ulinzi wa mwili wa mwenyeji wake, na jamaa yake, mnyoo wa kichocho, huutumia ujuzi wa namna hiyo dhidi ya mamilioni ya watu. Si busara kukichoma kitabu ambacho hakijasomwa, hasa kikiwa na sura inayomhusu msomaji mwenyewe.

La kufanywa shuleni

Mwalimu hahitaji kasa ili kufundisha somo hili, wala haruhusiwi kumtumia. Licha ya katazo la sheria, nyama ya kasa ni hatari. Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa, na Machi 2024 watu 9, ambao 8 kati yao walikuwa watoto, walikufa katika kisiwa cha Panza, Pemba, kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hiyo haihusiani na minyoo. Hudhaniwa kutoka katika mwani wenye sumu ambao kasa hula, na haiondoki kwa kupikwa. Basi mzoga ukionekana ufukweni, wanafunzi wasiuguse. Kazi yao ni kuandika tarehe, mahali, urefu wa gamba kwa kukadiria na alama zionekanazo, kama vile kamba ya wavu au jeraha, kisha kumpasha habari ofisa wa uvuvi.

Kwa darasani samaki watosha. Mwalimu anunue sokoni samaki kadhaa wa aina moja, wanono na wabichi. Wanafunzi wapasue matumbo yao katika sahani ya maji, watazame kwa lenzi ya mkono, na kuhesabu minyoo ya kila samaki mmoja mmoja. Wanawe mikono baadaye, na samaki apikwe vizuri kama ataliwa. Mara nyingi wataona kwamba samaki fulani hana mnyoo, wengi wana wachache, na mmoja au wawili wana wengi kupita wenzao wote. Ndipo mwalimu aulize: samaki hawa waliuawa na nini? Wanafunzi wanajua jibu, kwa kuwa wote waliuawa na mvuvi. Minyoo wamo, na mwuaji ni mwingine. Somo hilo halitasahauliwa.

Baada ya hapo kila mwanafunzi aweza kupewa maswali manne ya kujiuliza kila akutapo kimelea ndani ya mnyama. Kwanza, je, kimelea yumo kweli, na ni wa aina gani? Pili, ni wangapi, na je, idadi hiyo ni ya kawaida kwa mnyama wa namna hiyo? Tatu, ni madhara gani yanayoonekana katika viungo, na je, yanatosha kueleza kifo? Nne, ni sababu gani nyingine zilizokuwapo? Anayejibu swali la kwanza peke yake na kutoa hukumu hajamaliza kazi. Wachunguzi wa Queensland walijibu yote manne, na ndiyo maana taarifa yao ingali na faida.

Vyuo vikuu na idara za uvuvi nazo zina wajibu wao. Mzoga wa kasa unaofukiwa bila kuchunguzwa na mtaalamu ni ushahidi uliopotea, na mzoga uliochunguzwa nusunusu ni hatari zaidi, kwa kuwa huacha jibu lisilo kweli katika kumbukumbu. Yafaa pawe na utaratibu mmoja wa kuchunguza na kuandika, utakaotumiwa kutoka Lamu hadi Mtwara, ili kasa aliyezama wavuni asiandikwe kuwa amekufa kwa minyoo, na yule aliyekufa kwa minyoo kweli asipite bila kujulikana.

Shule ndizo ziwezazo kuandaa watu wa kuufuata utaratibu huo. Mvuvi, ofisa wa uvuvi, daktari wa mifugo na mtunga sheria wa miaka ijayo wote wameketi leo katika madawati ya sekondari. Wakifundishwa kumtambua mnyoo, watakuwa wamefundishwa jambo jema. Wakifundishwa pia kuuliza mnyoo huyo amefanya nini hasa, watakuwa wamefundishwa sayansi.